Uzi: Makalavati na mabanio yanavyowafungia njia samaki wa asili, na jinsi huku tunavyoyafumua

Fundi Zege (mleta mada)

Wakuu salaam.

Niko jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, siyo ile Washington ya ikulu yao. Mimi ni mtu wa barabara. Kazi tunayopata kwa wingi siku hizi siyo kujenga barabara mpya wala kuziba viraka. Ni kufumua makalavati (yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) mazima, yasiyo na ufa, yanayopitisha maji vizuri tu, na kuweka mengine makubwa mara tatu au nne. Sababu inayoandikwa kwenye michoro ni moja: samaki hapiti.

Najua wapo watakaosema hii chai. Vumilieni mpaka mwisho, maana nina swali kwa walioko nyumbani.

Kwanza, kalavati linamzuiaje samaki wakati maji yanapita? Chukulia kijito cha upana wa mita tatu. Mchoraji wa zamani hesabu yake ilikuwa moja tu: mvua kubwa ikija, maji yapite bila kufurika juu ya barabara. Akapata bomba la mita moja na nusu, likawekwa, likafukiwa, watu wakaenda nyumbani. Mto wa mita tatu sasa unabanwa kwenye nusu yake, na maji yakibanwa yanaongeza mbio. Ndani ya bomba hakuna jiwe, hakuna kona, hakuna mahali samaki ajibanze apumzike. Yakitoka upande wa chini kwa mbio ile, yanachimba. Mwaka wa kwanza kidogo, mwaka wa pili kidogo, na baada ya miaka mdomo wa bomba uko juu hewani na maji yanadondokea shimoni. Kalavati limeshaning'inia. Anayepita na gari juu haoni kitu, barabara iko safi.

Wanaopima vizuizi huku wana kipimo cha sentimita 24: maji yakidondoka zaidi ya hapo kwenye mdomo wa kalavati, linaingia kwenye orodha ya vizuizi. Mtu atauliza, si samoni, samaki maarufu wa huku, anajulikana kwa kuruka? Mkubwa anaruka, akiwa na shimo lenye kina cha kuchukulia mbio. Mdogo wa urefu wa kidole haruki. Na mdogo naye ana safari zake. Samoni aina ya coho hutagwa kwenye changarawe ya vijito vidogo, vile ambavyo kwetu tungevuka bila kuvua viatu. Akitotolewa anakaa humo mwaka mzima na zaidi kabla ya kwenda baharini. Mafuriko ya baridi yakija anapanda vijito vya pembeni kujisalimisha, kiangazi maji yakipata joto anatafuta pa baridi. Akirudi kutoka baharini, kwa kawaida akiwa na miaka mitatu, anafuata harufu ya mto wake, anataga, anakufa. Bomba moja lililoning'inia likimkatalia, kilomita zote za juu zimepotea kwa kizazi kile, hata kama huko juu maji ni safi na msitu umesimama.

Sasa pesa inatoka wapi? Siyo kwa sababu watu wa huku wana huruma sana. Wenyeji wa asili walisaini mikataba na serikali ya Marekani mwaka 1854 na 1855. Walitoa ardhi, wakabakiza haki ya kuvua kwenye maeneo yao ya siku zote. Mwaka 1974 jaji mmoja, Boldt, akaamua kwamba haki ile maana yake ni nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mwaka 2001 makabila 21 yakarudi mahakamani na hoja rahisi: haki ya kuvua ina faida gani kama makalavati ya jimbo yanaua samaki kabla hawajazaliwa? Mwaka 2013 jimbo likaamriwa kufungua asilimia 90 ya maeneo yaliyozibwa kwenye orodha ile ifikapo 2030. Jimbo likakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu. Juni 2018 majaji wakagawanyika 4 kwa 4, hivyo hukumu ya chini ikabaki palepale. Bili yake ni mabilioni ya dola. Ndiyo maana mimi nina kazi.

Niwape picha ya kazi yenyewe, maana hapa ndipo penye utamu.

Kuingia ndani ya kijito tunaruhusiwa wiki chache tu za kiangazi, maji yakiwa machache. Kabla kijiko hakijagusa chochote wanakuja watu wa samaki. Wanafunga nyavu juu na chini ya eneo la kazi, kisha wanatembea majini wamebeba mgongoni kifaa cha umeme kinachowalegeza samaki bila kuwaua. Wanawachota kwa nyavu za mkono, wanawaweka kwenye ndoo zenye pampu ndogo ya hewa, wanawahesabu aina kwa aina, wanaenda kuwaachia. Wanatoka samoni wadogo wenye mabaka ubavuni, wanatoka samaki wa chini wenye vichwa vipana. Kwenye tope wanatoka watoto wa lamprey (samaki mrefu kama nyoka, asiye na taya), wembamba kama nyungunyungu, ambao hakuna aliyejua wako pale. Maji yenyewe yanazuiwa kwa viroba vya mchanga na kupitishwa pembeni kwa bomba.

Bomba la zamani likitoka tunaweka boksi la zege, aidha halina sakafu, au sakafu yake imezama chini ya kitanda cha mto. Upana wa kitanda cha ndani una kanuni yake: pima upana wa kijito kikiwa kimejaa kingo kwa kingo, zidisha kwa 1.2, ongeza futi 2. Kisha tunajenga mto ndani ya boksi. Mawe makubwa kwa madogo, changarawe, mchanga, kwa viwango vilivyoandikwa. Na hapa ndipo wageni wa kazi hii wanapokwama: ukimwaga mawe tu, siku ya kufungulia maji yanazama yote katikati ya mawe na juu panabaki pakavu. Inabidi umwage mchanga laini na udongo kidogo, unaupiga maji kwa mpira mpaka uingie kwenye nyufa zote, unarudia tabaka kwa tabaka, mpaka uone maji yanabaki juu na kutembea. Maji ya tope unayanyonya kwa pampu na kuyamwaga kwenye nyasi mbali na mto. Kufungulia ni polepole, lisije tope lote likashuka kwa mkupuo mmoja.

Swali langu: masika, ni nani kati yenu ameona samaki wamejazana chini ya kalavati, drifti (kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake) au banio (ukuta wa kuzuia mto ili maji yaingie mfereji) wakitafuta kupanda? Wapi, na samaki gani?

Kitonga Express

Naweka kambi hapa. Wajuvi waje.

Ngosha Halisi

Mkuu, uzi mzuri ila tuambizane ukweli. Wazungu wana pesa za kuchezea. Sisi kuna vijiji mvua ikinyesha mjamzito havuki, hata hilo kalavati la kuning'inia hawana. Leo uje na habari ya kufumua zima kwa ajili ya samaki? Walishatuletea ya vyura wa Kihansi, vyura wakapanda ndege kwenda Marekani wakati mwananchi hajawahi hata kuiona ndege karibu.

Fundi Zege

Mkuu Ngosha, nilikuwa nakusubiri wewe.

Vyura kwanza. Hakuna aliyebomoa bwawa la umeme la Kihansi. Mitambo ile ya megawati 180 inazalisha umeme mpaka leo. Vyura walipelekwa kuhifadhiwa mwaka 2000 kwa sababu maji yaligeuzwa kwenda kwenye mitambo na manyunyu ya maporomoko waliyokuwa wanaishi yakakatika. Baadaye wakawekewa manyunyu ya mabomba, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Umeme upo na vyura wapo. Mfano wako unanisaidia mimi.

La pili ndilo kubwa. Sijasema Tanzania ifumue kalavati hata moja. Nasema yatakayojengwa yajengwe mapana. Kalavati linalompitisha samaki ni lilelile linalopitisha gogo, mawe na mafuriko. Agosti 2011 kimbunga Irene kilipiga jimbo la Vermont, kikabeba barabara na makalavati chungu nzima. Ndani ya msitu wa taifa wa Green Mountain palikuwa na makalavati machache yaliyojengwa kwa mtindo huu wa kuuachia mto upana wake. Yale yalisimama. Ya kubana yalikwenda. Huyo mjamzito wako asiyevuka, ni kwa sababu bomba liliziba kwa matawi na maji yakapita juu au pembeni yakala tuta. Dawa ya samaki na dawa yake ni moja.

Ngosha Halisi

Sawa, hoja ya mafuriko nimeielewa. Ya samaki bado.

Omena Original

Salamu kutoka Busia, upande wa Kenya. Kwetu hii story iko na jina: ningu. Wazee wetu wakisimulia mto Nzoia, wanasimulia ningu. Mvua ya masika ikianza, maji yakigeuka rangi, ningu walikuwa wanatoka ziwani kwa makundi wanapanda mto kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofurika. Walikuwa kwa Nzoia, Yala, Sondu, Kuja, hadi Kagera upande wenu na wa Uganda. Kulikuwa na uvuvi mkubwa kabisa wa mitoni, kabla ya watu kujua sangara ni nini.

Lakini hawakumalizwa na zege. Walimalizwa na nyavu za makila zilizowekwa kwa midomo ya mito, miaka hiyo ya 1940 na 1950. Samaki anapanda na mayai tumboni, ananaswa mlangoni. Ukifanya hivyo misimu kadhaa mfululizo, hakuna wa kurudi. Kwa hivyo ndugu Fundi, kizuizi si kalavati peke yake. Uzi wa nailoni unaweza kufunga mto kuliko ukuta. Hata ukifungua kila kitu huko juu, kama mdomoni pamefungwa umefanya kazi bure.

Na siku hizi Sondu kuna mitambo ya umeme, 60 MW, iliyoanza 2008. Maji yanachukuliwa juu yanapitia handaki, na kipande cha mto katikati kinabaki na maji machache. Ukiniuliza ni kipi kibaya zaidi kwa ningu, hizo nyavu ama hilo handaki, mimi nitasema nyavu zilifika mapema zaidi.

Fundi Zege

Mkuu Omena, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Huku pia mahakama ya 1974 ilianza na nyavu kwanza, makalavati yakafuata miaka mingi baadaye. Mpangilio ni huo huo.

Mzee wa Mpunga

Kijana wangu Fundi, nimekusoma na miwani yangu. Mimi nipo Mbarali, nalima mpunga kwa maji ya mfereji. Umeuliza nani ameona. Mimi naona kila masika. Mto ukijaa, chini ya banio letu pale penye sakafu ya zege panachemka samaki. Kambare, ningu wa huku kwetu, ngogo, na wengine wadogo wadogo sina majina yao. Wanaruka wanapiga ukuta wanarudi. Watoto wanakuja na vikapu na vyandarua, jioni kila nyumba ina mboga. Hatujawahi kuliona kuwa ni tatizo. Tumeliona kuwa ni riziki.

Ila nakiri kitu kimoja kinanisumbua. Juu ya banio zamani palikuwa na vidimbwi, ukitupa ndoano unatoka na kitu. Siku hizi juu hakuna. Wote wanaishia hapa chini.

Sasa usiniambie tuondoe banio. Banio ndilo shule ya watoto wangu.

Fundi Zege

Mzee shikamoo.

Wala sitasema uondoe. Kuondoa ni kwa kile ambacho hakina kazi tena: banio la mradi uliokufa, tuta la lambo lililojaa mchanga, drifti ya barabara iliyohamishwa. Penye kazi kuna njia ya katikati. Upande mmoja wa banio, chini yake, unajenga mteremko wa mawe kuanzia kwenye kitanda cha mto mpaka usawa wa ukingo wa juu. Siyo ngazi za zege, mawe makubwa yamepangwa kwa mistari yenye mapengo, kila mstari ukishika kidimbwi kidogo nyuma yake. Mteremko uwe mlalo: kwa kila mita moja ya kupanda, mita 20 za urefu au zaidi. Banio la kimo cha mita moja linataka mawe ya urefu wa mita 20 au 30. Ni malori kadhaa ya mawe na vibarua wanaojua kupanga, siyo mradi wa mabilioni.

Mambo mawili ndiyo yanayoharibu. Moja, mdomo wa chini wa mteremko uwe karibu kabisa na ukuta, pale samaki wanapojazana, maana samaki hufuata mkondo wenye nguvu mpaka mwisho wake. Ukiweka mlango mita 30 chini ataupita bila kuuona. Pili, lazima maji yapite hapo wakati wa kupanda. Mkifunga yote yaende mfereji, mmejenga sanamu.

Mzee wa Mpunga

Marahaba. Hilo la maji ndilo gumu kijana wangu. Mawe tutabeba.

Binti wa Pangani

Habari zenu wapendwa. Nimesomea uvuvi na nimekuwa nasoma kimya, ila Mzee wa Mpunga amenitoa mafichoni.

Mzee, hilo la maji si hisani, lipo kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua maji ya akiba kwa ajili ya mazingira, yaani kiasi kinachotakiwa kubaki mtoni. Tatizo la bonde la Usangu, huko kwenu Mbarali, wote tunalijua: mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mto uliokauka ni kizuizi kuliko banio lolote, samaki hana hata pa kusubiri. Kwa hiyo kwa Usangu mimi ningeanza na maji, mteremko wa mawe ukafuata.

Sasa niongeze mnyama ambaye hajatajwa na ndiye anayeumia kimyakimya: mkunga wa mtoni, samaki mrefu kama nyoka. Mito yetu inayoingia Bahari ya Hindi ina aina nne za mikunga hawa. Safari yao ni kinyume cha samoni. Samoni anataga mtoni na kukulia baharini. Mkunga anakulia mtoni miaka mingi, halafu anashuka kwenda kutaga mbali baharini, upande wa Madagaska. Watoto wanakuja na mikondo ya bahari, wembamba, wanapenyeka kama kioo, wanaingia kwenye mito ya kwetu na kuanza kupanda. Mkunga mdogo anaweza kupanda ukuta wima ilimradi uwe na unyevu na uwe wa kukwaruza. Ukuta mkavu au wenye mbio za maji unamshinda. Tazama mto Tana: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kuta tano mfululizo. Na hata yule aliyefanikiwa kupanda, siku ya kushuka akiwa mnene na mrefu anakutana na mitambo inayozunguka.

Faraja ni kwamba njia ya mkunga ni rahisi kuliko ya samaki wengine wote. Mfereji mwembamba uliolazwa ukutani, ndani una brashi au kokoto zilizogandishwa, na maji kidogo yanayotiririka muda wote. Ulaya wanaziweka kwenye mabwawa na milango ya maji mingi tu.

Lakini kaka Fundi, sasa nakugeuka kidogo. Uzi wako unasomeka kama vile kila kizuizi ni adui. Siyo.

Afrika Kusini kwenye milima ya Cederberg kuna kijito kinaitwa Rondegat. Waliletwa samaki wa michezo kutoka Marekani, bass, wakaachiwa mtoni. Wakala kila kitu. Samaki wa asili, ambao hawapo popote duniani isipokuwa mito ya eneo lile, wakabaki tu juu ya poromoko ambalo bass hakuweza kulipanda. Mwaka 2012 na 2013 wahifadhi wakatia sumu ya samaki kwenye kama kilomita nne, kutoka poromoko lile mpaka kwenye ukuta mdogo ulioko chini. Bass wakaisha. Wa asili wakashuka wenyewe kutoka juu wakajaza mto. Na ule ukuta wa chini ndio unaozuia bass wasirudi. Akija mtu na kijiko chake akaubomoa kwa nia njema, kazi yote imekwenda na maji.

Na hapa kwetu: sangara alikuwa kwenye Nile chini ya maporomoko ya Murchison na Ziwa Albert tangu zamani. Poromoko ndilo lililomzuia asifike Victoria, mpaka watu walipombeba wenyewe miaka ya 1950. Tunajua kilichofuata kwa furu, wale samaki wadogo wa asili: aina nyingi ziliangamia. Ngege wa asili wa Victoria wamebaki kwenye ziwa dogo la Kanyaboli kwa sababu kinamasi cha mafunjo cha Yala kinalitenga na ziwa kubwa. Omena Original atanisahihisha.

Kwa hiyo kabla ya kufungua, uliza nani yuko chini anasubiri kupanda. Mito yetu ya mashariki sasa imejaa sato waliotoroka kwenye mabwawa ya kufugia, na wanazaliana na perege wa asili mpaka hujui yupi ni yupi. Kuna vijito vya juu ambavyo perege wake bado ni safi kwa sababu tu kuna ukuta au poromoko chini. Hapo mimi nitakuwa wa kwanza kusema usiguse.

Omena Original

Dada hujakosea. Ngege wa Kanyaboli wapo. Wazee hapa wanakuambia ladha yake hailingani na hawa wa siku hizi.

Fundi Zege

Dada Binti wa Pangani, nimeipokea kwa mikono miwili. Hata huku kwenye Maziwa Makuu ya Marekani wanajenga kuta ndogo mitoni makusudi kuzuia lamprey wa baharini wasipande kutaga, kwa sababu kule ni mvamizi na anawanyonya samaki damu. Ajabu yake, lamprey wa upande wetu wa Pasifiki ni wa asili na tunamfungulia njia. Nchi moja.

Mwana wa Mtera

Mimi nina swali la uchokozi. Mnaongelea kalavati na banio. Vipi mabwawa yenyewe makubwa? Au wazungu wanaogopa kugusa ya kwao? Na je, mnataka tubomoe Bwawa la Nyerere megawati 2,115 kwa ajili ya mikunga?

Fundi Zege

Mkuu, hakuna mwenye akili timamu anayependekeza hilo la Nyerere. Mtambo wa kwanza umewashwa 2024, bwawa bado jipya.

Ila makubwa yanabomolewa. Jirani yangu hapa kuna mto Elwha, unatoka milima ya Olympic. Ulikuwa na mabwawa mawili, moja la 1913, lingine la 1927 lenye ukuta wa mita 64. Yote hayakuwekewa njia ya samaki, ingawa sheria ya jimbo wakati ule tayari ilidai hivyo. Samoni wakabaki na kama kilomita 8 za chini, juu wakafungiwa zaidi ya kilomita 110. Kabila la Lower Elwha Klallam walilalamika karibu karne nzima. Sheria ya kuurudisha mto ikapitishwa 1992, ubomoaji ukaanza Septemba 2011 na kwisha 2014.

Watu hudhani kubomoa bwawa ni baruti, moshi na makofi. Kazi ni tope. Nyuma ya kuta zile mbili palikuwa na mchanga na tope kiasi cha mita za ujazo milioni 20. Wakawa wanashusha ukuta kidogo, wanasimama, wanauacha mto ujichimbie, wanashusha tena. Mji wa Port Angeles ukajengewa kwanza mtambo wa kusafisha maji. Kwa miaka kadhaa mto ulikuwa rangi ya kahawa. Mchanga ule ukafika baharini ukajenga ufuko ambao haukuwepo. Uvuvi ukasimamishwa, na mwaka 2023 ndipo kabila lile likavua tena coho kidogo kwa ajili ya chakula na mila.

Halafu mto Klamath, mpakani mwa California na Oregon: mabwawa manne, la kwanza la 1918. Yameondolewa yote, kazi ikaisha 2024, na Oktoba hiyohiyo samoni wakaonekana juu ya mahali mabwawa yalipokuwa.

Lakini angalia hesabu iliyofanya yakatoka. Leseni za kuzalisha umeme huku zina mwisho. Ikiisha unaomba upya, na unaambiwa sasa weka njia ya samaki. Mwenye mabwawa ya Klamath akapiga hesabu: gharama ya kuweka njia ile ilizidi faida ya umeme mchache uliokuwa unatoka, akaona kutoa ni nafuu. Umeme wa Elwha ulikuwa unakwenda zaidi kwenye kiwanda kimoja cha karatasi. Bwawa lililozeeka, umeme kiduchu, leseni imeisha. Hayo ndiyo yanayobomolewa. La Nyerere halina hata sifa moja kati ya hizo.

Mwana wa Mtera

Hapo umenijibu. Kumbe ni biashara.

Ngosha Halisi

Nilisema mimi.

Injinia wa Vumbi

Wakuu, nimechelewa lakini nina jambo mkononi. Nasimamia barabara ya kijiji, kuna kijito cha msimu chenye upana wa kama mita mbili na nusu kikijaa. Mchoro unasema mapipa mawili ya zege ya milimita 900 yalazwe sambamba, halafu sakafu ya zege upande wa kutokea. Bajeti ya boksi hakuna, msiniambie boksi. Nikitaka kuboresha bila kurudi kwenye zabuni nifanye nini?

Fundi Zege

Injinia, mapipa mawili ndiyo adui namba moja wa kijito kidogo. Ukuta wa katikati unashika matawi, na maji ya kiangazi yanagawanyika, kila pipa linabaki na unyevu tu. Badili uweke moja kubwa. Ukipata la 1500, lizamishe robo ya kimo chake chini ya kitanda cha mto. Nafasi inayobaki juu ni kama mita za mraba 1.4, wakati mawili ya 900 kwa pamoja hayafiki 1.3. Ila ndani patakuwa na changarawe, ambayo inapunguza mbio za maji, kwa hiyo piga upya hesabu ya mafuriko kwa hali hiyo, usichukue ya pipa tupu.

Lilaze kwa mteremko wa kijito chenyewe, siyo zaidi. Na ile sakafu ya zege ya kutokea, kama lazima iwepo, iwe chini ya kitanda, ifunikwe na mawe. Ikibaki juu ndiyo itakayoning'inia baada ya masika matatu.

Injinia wa Vumbi

La 1500 nitalisafirisha kutoka mbali, ila naokoa pipa moja na zege la sakafu. Nafasi ya udongo juu ya pipa je? Tuta langu ni la chini.

Fundi Zege

Kwa kuwa unazamisha robo, unarudishiwa sentimita 37 hivi. Kama bado haitoshi, inua tuta pale pale kwa mita chache kila upande. Usilipandishe pipa.

Injinia wa Vumbi

Sawa. Napeleka ombi la kubadili mchoro kabla hawajachimba. Wakikataa nitaleta hapa sababu waliyotoa.

Binti wa Pangani

Injinia, kabla ya kuchimba waulize wanakijiji masika wanapata samaki gani hapo, na kama juu na chini ni walewale. Ikiwa chini kuna sato na juu hakuna, niandikie kabla hujazamisha chochote.